UZI: Safari za masafa marefu kwa magari ya kale, Unguja na Pemba tunaziweza

Mpanda404

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Uzi huu ni wa wenye Morris, Peugeot, Volkswagen na Land Rover za zamani zilizolala uani chini ya turubali, zinazowashwa Idi hadi Idi, au kutolewa kumbeba bibi harusi kisha zikarudishwa. Nataka tuzungumze safari za masafa marefu za magari ya kale, zile za kuendesha usiku na mchana, saa 24 au 48, na hesabu yake kubwa ni moja: umefika au hukufika. Mbio hazimo. Kuna vituo vya kupiga muhuri, kila kimoja na muda wake, na kuwahi hakukupi chochote.

Kila nikilitia jambo hili barazani jibu ni lile lile: kisiwa chenyewe hiki, utakwenda wapi? Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, Pemba 67 hivi, ukitia gia ya nne umeshaiona bahari. Mimi nasema kisiwa kinatosha. Gari ya kale huchoshwa na saa ambazo injini inakaa moto, na mara unazofunga breki na kuondoka tena, na chumvi, na matuta. Hayo tunayo kwa wingi kuliko wenzetu wenye barabara kuu zilizonyooka.

Kwanza asili yake, maana wengi wanadhani huu ni mchezo wa matajiri ulioanza juzi. Mwaka 1888 Bertha Benz aliichukua gari aliyoiunda mumewe, alfajiri, bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili akatoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita zipatazo 106. Sheli hazikuwepo duniani. Mafuta aliyanunua duka la dawa mjini Wiesloch. Paipu ya mafuta ilipoziba akaizibua kwa pini ya kofia, na breki zilipoanza kulika akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Safari ya kwanza ya masafa marefu kwa gari ikawa ya mama na watoto wake, na matatizo yake ni yale yale yanayotukuta sisi: mafuta kutopita na breki kuisha.

Waingereza nao, tarehe 14 Novemba 1896, walitoka London kwenda Brighton kufurahia sheria mpya iliyowaruhusu kwenda mpaka maili 14 kwa saa. Safari ile inarudiwa hadi leo kila Novemba, kwa magari yaliyoundwa kabla ya 1905. Halafu ikaja ile ya 1907, Peking hadi Paris. Magari matano yaliondoka tarehe 10 Juni, moja la magurudumu matatu likaishia jangwa la Gobi. Scipione Borghese wa Italia akaingia Paris na gari yake aina ya Itala tarehe 10 Agosti, mbele ya wote. Njiani, huko Urusi, gurudumu lake la mbao lilivunjika, akapatikana fundi wa kijijini akamchongea jingine kwa shoka. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo utamu wa magari haya. Gari ya leo ikikwama Muyuni saa nane za usiku, fundi wa Muyuni hata awe hodari vipi atakwambia ngoja asubuhi iletwe kompyuta. Moris ikikwama hapo hapo, tochi na bisibisi vinaweza kuifikisha mjini.

Na Afrika Mashariki tuna historia yetu. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 zilitoka gari 84 zikarudi 7, na walioshinda, Nick Nowicki na Paddy Cliff, walikuwa na Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, 404 vile vile. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika. Tangu 2003 ipo na ile ya magari ya kale, East African Safari Classic, lakini zile ni mbio khasa zenye gharama kubwa, sizo ninazozikusudia hapa.

Ninazozikusudia ni mfano wa klabu ya Triumph ya Uingereza. Tangu 1966 wanaizunguka Uingereza yote, kaskazini John o'Groats, kusini Land's End, maili 2,000 kwa saa 48. Hizo ni kilomita 3,200 hivi, wastani wa kilomita 67 kwa saa pamoja na kusimama. Wanaokwenda ni watu wa kawaida na gari zao za kawaida, wawili watatu kwenye gari moja, wanapokezana, na kwa safari hiyo wanachangisha fedha za hisani. Tazameni huo wastani: Moris yenye injini ya cc 1098 inauweza bila kugombezwa.

Sasa njia yetu. Toka mjini, Bububu, Mahonda, Mkokotoni, Nungwi. Rudi kwa Matemwe na Kinyasini, shuka Kiwengwa, Pongwe, Uroa, Chwaka. Hapo ghuba inakukatia, pwani kwa pwani hufiki Michamvi. Unarudi ndani upande wa Dunga, unaitafuta barabara ya Tunguu, Jozani, Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi, kisha Kitogani na mjini. Mzunguko mmoja unapita kilomita 250. Mizunguko mitatu unakaribia masafa ya Dar es Salaam hadi Mbeya, na kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa pamoja na kusimama unaimaliza ndani ya saa 24. Mwendo huo ni wa adabu kabisa, na vijijini hatutavuka 50.

Msidhani mzunguko huo ni mdogo. Mimi na 404 yangu tumezoea barabara za Bara, na nawaambia Kitonga yenyewe, ule mlima wa kabla ya Iringa, unaupanda mara moja ukaumaliza. Matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, utayapanda kila mzunguko, usiku na mchana, na kila tuta ni klachi, breki, gia ya pili, tena klachi.

Kitonga hata hivyo ilinifundisha kitu cha 404. Tulikuwa nyuma ya semi lililojaa, linatambaa, jua la saa nane mchana. Geji ya moto ikaanza kupanda. Nikamwambia mwenzangu asikilize feni: kimya. Feni ya 404 hukamatwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto, na umeme wake unapita kwenye kaboni ndogo kama punje ya mahindi inayosugua pale mbele. Ile kaboni ikiisha, feni haijui kama injini inaungua. Tukaegesha penye nafasi, tukaweka pembetatu na majani nyuma, tukaacha injini ipoe bila kugusa kifuniko cha rejeta. Halafu tukaifunga feni kwa skrubu zake izunguke moja kwa moja na injini. Kelele iliongezeka, moto ukashuka, tukalala Iringa. Mwenye 404 au 504 aiangalie kaboni ile kabla ya kuangalia rangi ya gari.

Kuna jambo moja nalishikilia kuliko yote, nalo ni usingizi. Injini ikichoka inakupa dalili: geji, harufu, mlio. Mtu anayesinzia haoni dalili yake mwenyewe. Saa mbaya ni kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kila gari iwe na madereva wawili kwa uchache, hakuna kuendesha zaidi ya saa mbili mfululizo, na ukijisikia mzito unaegesha. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Kunywa kikombe, lala dakika 20, ukiamka inakukuta. Gari yenye dereva mmoja isipewe muhuri wa kuanzia, hata akiwa nani.

Karibuni mtoe mawazo.

MkwajuniMoris

Wa alaykum salaam. Uzi mzuri sana huu. Nina Moris Minor ya marehemu babu, nimeitengeneza bodi na viti, inakwenda vizuri mjini. Tatizo langu ni moja: nikitoka Mkwajuni nikafika Bububu mchana kwenye foleni, inaanza kukohoa kisha inazima. Nikingoja robo saa inawaka kama haikuwa na kitu. Mafundi wawili wameshanibadilishia koili. Na la pili, watu wananiambia petroli ya siku hizi inaua injini za zamani. Ni kweli?

FundiSaateni

Mwanangu MkwajuniMoris, koili yako ya mwanzo pengine ilikuwa nzima. Hiyo ni petroli inayochemka kabla ya kufika kwenye kabureta. Ukisimama kwenye foleni upepo haupiti, joto la ekzosi linapanda, petroli ndani ya paipu inageuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Ikipoa inarudi kuwa mafuta, ndiyo maana inawaka baada ya robo saa.

Unaijua kwa sikio. Pampu ya Moris ni ya umeme, aina ya SU, imefungwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Fungua swichi bila kupiga stata: itagonga haraka haraka, halafu polepole, halafu itanyamaza, maana kabureta imejaa. Ikigonga haraka bila kunyamaza, inavuta hewa au mvuke, au tangi tupu. Ikiwa kimya tangu mwanzo, pointi zake ndani zimeganda. Igonge kidogo kwa mpini wa spana itaamka, lakini ukifika nyumbani ifungue uzisafishe.

Dawa ya foleni: kitambaa kilichorowa maji juu ya pampu na paipu, itaondoka. Dawa ya kudumu: isogeze paipu ya mafuta mbali na ekzosi, weka bamba la bati katikati la kukinga joto, na uhakikishe rejeta haina matope ndani. Rejeta za hapa kwetu zimejaa chokaa kwa sababu watu hutia maji ya kisima miaka na miaka. Tia maji laini na dawa yake ya kuzuia kutu.

Swali la petroli. Zamani ilikuwa na risasi, na ile risasi ilikuwa inavilinda viti vya valvu. Kufikia mwanzo wa 2006 nchi zetu za kusini ya Sahara ziliacha kuiuza. Injini ya zamani ikiendeshwa kwa kasi muda mrefu bila risasi, viti vya valvu za ekzosi hulika, valvu inazama, nafasi ya tapeti, ule upenyo mdogo juu ya valvu, inapungua mpaka inakwisha, na hapo valvu inaungua. Ukienda mwendo wa taratibu kama anaousema ndugu yetu, madhara ni madogo. Pima tapeti kabla ya safari na baada ya safari, andika vipimo. Ukiona nafasi inapungua kila mara, hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ipelekwe kwa mchongaji itiwe viti vigumu, umemaliza.

Nina neno jengine muhimu kuliko hayo mawili, nalo ni miguu ya mbele ya Moris. Kila gurudumu la mbele limebebwa na vyuma viwili vyenye meno ya skrubu, juu na chini, vinavyozunguka ukikata kona. Vikikosa grisi meno yanalika, na siku moja kwenye kona gurudumu linalala chini ya gari. Nimeyaona yametokea, na bahati ilikuwa mwendo mdogo. Piga grisi kabla ya kila safari, na inyanyue gari kwa jeki kwanza ili uzito uondoke, vyenginevyo grisi haipiti panapotakiwa.

MkwajuniMoris

Ahsante sana fundi, Mungu akujaalie. Leo jioni naitega sikio ile pampu.

ShangaziBububu

Wanangu, mimi sina gari ya kale, ila naishi kando ya barabara na nimeusoma uzi wote. Gari za usiku zinatutia hofu. Watoto wanatoka madrasa magharibi, wazee wanakwenda msikitini alfajiri, na barabara nyingi za shamba hazina taa. Nyinyi mmesema hakuna mbio, lakini vijana wakiona gari ishirini zinapita wataanza kukimbizana nazo. Mmelifikiria hilo?

Mpanda404

Shangazi, shikamoo. Umesema jambo ambalo bila ya kulijibu safari hii haifai kufanyika.

Ninavyoliona mimi: gari zisiondoke kundi moja, ziachane dakika kumi kumi, mtu wa barabarani asione msafara. Kuondoka iwe baada ya sala ya Isha, watoto wameshalala. Karibu na alfajiri gari zote zinasimama vituoni, watu wasali, wanywe chai, hakuna gurudumu linalozunguka mpaka jua lichomoze. Ile saa ya hatari ya usingizi nayo tunaivunja katikati kwa njia hiyo. Masheha wa shehia tunazopita wapewe taarifa kabla, na polisi wa usalama barabarani wapewe njia nzima kwa maandishi. Gari yenye sailensa iliyotoboka hairuhusiwi kuanza.

Na vituo vipangiwe muda ambao hata ukienda 40 unafika na nafasi ya kupumua. Mtu akitokea kituoni mapema kupita kiasi, ni dalili kwamba amekimbiza mahali, basi anakatwa alama nyingi kuliko aliyechelewa. Kanuni hiyo ikikaa vizuri hakuna atakayekuwa na haja ya kukimbia.

ShangaziBububu

Hapo umenena. Mkisimama Bububu alfajiri chai na maandazi juu yangu.

BintiMakunduchi

Salaam. Mimi nataka kushiriki lakini si kama dereva. Nimesoma habari ya msoma njia, yule anayekaa pembeni ya dereva na kumwongoza, na nimeipenda kazi hiyo. Je, kuna kitu cha kusoma katika kisiwa ambacho kila mtu anakijua? Na mimi nina angalizo: msiiweke safari wiki ya sherehe za Mwaka Kogwa. Makunduchi siku hizo hata baiskeli haipiti.

Mpanda404

Dada, angalizo lako limeingia, wiki hiyo hatutii mguu huko. Pia Ramadhani hapana, na masika hapana. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, ndiyo bora: kuna ubaridi kidogo na injini zinapumua.

Kuhusu msoma njia, kazi ni kubwa kuliko wanavyodhani wenye magari. Usiku, mvua inanyunya, wiper za Moris zinakwenda taratibu, dereva anaona mita chache tu mbele. Yule wa pembeni ndiye anayejua kona iliyoko mbele na kituo kimebakisha dakika ngapi. Kitabu cha njia huandikwa kwa michoro midogo: duara ni pale ulipo, mshale ni pale unapokwenda, na pembeni umeandikwa umbali tangu mwanzo na umbali tangu mchoro uliopita. Michoro hii inaitwa ya tulipu kwa sababu ya rali ya Uholanzi yenye jina hilo. Mwenyeji wa Makunduchi anaijua njia ya Makunduchi, lakini usiku, baada ya saa kumi na tano garini, mtu hupotea hata mtaani kwao.

Cha kwanza utakachofanya ni kupima geji ya kilomita ya gari utakayopanda. Geji za zamani zinadanganya, na mpira ukibadilishwa saizi zinadanganya zaidi. Chagueni kipande cha barabara mnachojua urefu wake, endesheni, linganisheni, muandike tofauti kwenye ukurasa wa mbele wa daftari. Ikiwa geji inasema 10.4 pale penye 10, basi kila hesabu ya usiku ule itapita kwenye tofauti hiyo. Saa ya mkononi yenye mwanga, kalamu mbili, tochi nyekundu isiyomuumiza dereva macho. Na wewe ndiye mwenye amri ya kusema "egesha ulale". Dereva asibishane na wewe katika hilo.

KondeNyumbani

Nyote mnazungumza Unguja tu, kama kawaida. Pemba tumo? Mkoani mpaka Chake, Chake mpaka Wete, Wete mpaka Konde na Kigomasha kwenye mnara wa taa: hiyo njia ina vilima na kona ambazo Unguja hamna. Gari ikitoka salama Pemba imetoka salama kweli.

Mpanda404

Kaka, Pemba imo, tena nafikiri siku moja Pemba ndiyo itakuwa yenyewe khasa na Unguja ndiyo ya kujifunzia. Vilima vyenu vinataka breki. Breki za ngoma zikipata moto mfululizo zinapungua nguvu, unakanyaga na gari haisimami. Kilima ulichokipandia gia ya pili, kishuke kwa gia ya pili. Na mafuta ya breki yabadilishwe, maana hunyonya unyevu wa hewa, na yakishakuwa na maji huchemka kwenye mteremko mrefu, pedali inakwenda mpaka chini. Kwa hali ya hewa yetu, miaka miwili isipite.

Ila naomba nawe utusaidie kwa miezi. Msimu wa karafuu sisi hatufai kuwepo. Zinaanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na watu wamekaa hapo na watoto wao. Gari za maonyesho hazina haki ya kupita juu ya riziki ya mtu.

KondeNyumbani

Hilo nimelipenda. Karafuu zikishaingia ghalani nitakuandikia hapa hapa. Na jengine: sheli za kaskazini huku usizitegemee usiku. Jazeni Chake au Wete kabla ya Isha, na kila gari iwe na galoni ya chuma iliyofungwa vizuri, si dumu la plastiki ndani ya buti.

FundiSaateni

Niongeze na mimi ya umeme, kwa sababu usiku ndio unaozilaza gari hizi. Moris nyingi bado zina dainamo. Dainamo ikiwa injini inanguruma polepole haichaji, na ukiwasha taa, wiper na feni ya kupulizia kioo, betri inajilisha yenyewe mpaka inakufa. Balbu za LED hupunguza mzigo sana. Lakini angalieni: Moris za zamani betri imeungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume cha gari za leo. Ukinunua tundu la kuchajia simu ukalifunga kwenye dashibodi ya chuma, ule mzingo wake wa nje ukagusa bodi, umeunguza nyaya. Lifungeni kwenye kibao au plastiki, na waya zake zipitie fyuzi.

Akiba ya kubeba, kwa uzoefu wangu, ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: mkanda wa feni, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, pointi na kondensa, rota, plagi, waya na tepu, na kopo la maji ya kunywa na jengine la rejeta. Kondensa nunueni mbili mkazijaribu kabla, maana mpya nyingi za siku hizi zinakufa mapema. Ile ya zamani iliyokuwa inafanya kazi usiitupe, ifunge kwenye kitambaa uiweke kwenye kisanduku.

Na mipira itazameni tarehe. Ubavuni kuna namba nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari ya harusi haimalizi mpira, unabaki na meno yote huku umekufa kwa jua. Meno mazuri yasikudanganye.

MkwajuniMoris

Fundi, nimetazama sasa hivi. Namba zangu zinaanzia 14 na kuishia 08. Zote nne.

FundiSaateni

Mwanangu, usiitoe gari hiyo nje ya Mkwajuni mpaka ubadilishe. Mipira kwanza, pampu baadaye.

MtuWaMalindi

Mimi nauliza gharama, kwa sababu hilo ndilo litakaloua jambo lote. Petroli ya mizunguko mitatu, akiba hizo zote, mipira. Na kwa nini nifanye?

Mpanda404

Swali la haki. Anza na mzunguko mmoja badala ya mitatu. 404 yangu kwa mwendo wa 60 inakula lita tisa mpaka kumi kwa kilomita 100, Moris inakula chini ya hapo, piga hesabu kwa bei ya wiki hiyo mgawane watatu. Mipira, grisi na mafuta ya breki vilikuwa vinatakiwa hata kama gari inakwenda Darajani tu, kwa hiyo hivyo sivihesabu kuwa gharama za safari.

Kwa nini? Nitakujibu kwa ninavyoamini. Gari hizi zinakufa kwa kukaa. Chumvi inakula sakafu chini ya zulia, sili za breki zinakauka, petroli inageuka gundi kwenye kabureta, na mwenyewe anapita kila siku anasema "iko nzima". Siku anaikabidhi kwa mtoto, mtoto anaiuza chuma chakavu. Gari inayojiandaa kwa saa 24 hufunguliwa kila mahali, hukaguliwa kila nati, na anayeikagua pamoja na wewe ni kijana anayejifunza kutega sikio. Mafundi wa kabureta na pointi hapa mjini wanazeeka, na mwanafunzi hawana. Ukimchukua kijana mmoja ukampa usiku mmoja pembeni ya fundi kama huyu wa Saateni, atajua mambo ambayo skuli haina mahali pa kumfundisha. Na fedha tukichangisha, mimi ningependa ziende kwenye vifaa vya mafunzo ya vijana hao, ila hilo tuliamue pamoja.

MtuWaMalindi

Nimekuelewa. Nina Land Rover ya baba, Series, haijatoka nje ya geti tangu alipofariki. Inawaka. Niandikeni.

Mpanda404

Allah amrehemu mzee. Umeandikwa, na usiiendeshe kabla fundi hajaiona sakafu na chasisi, Land Rover ya pwani bodi haishiki kutu lakini chasisi inaliwa kutoka ndani. Ukishamaliza safari za pwani, ioshe chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Tufanye hivi. Kwanza mzunguko mmoja wa majaribio, mchana, kaskazini peke yake: mjini, Nungwi, Kinyasini, mjini. Kila mwenye nia aandike hapa chini aina ya gari, mwaka, betri ya volti 6 au 12, dainamo au altaneta, na kama ana dereva wa pili. BintiMakunduchi, wewe na mimi tutaipita njia hiyo kwanza kuandika michoro. Njoo na ndugu yako au rafiki yako, nafasi ya nyuma ipo. Wenye volti 6 nawaomba muandike mapema zaidi, balbu zenu lazima tuziagize kutoka Bara.

BintiMakunduchi

Nitakuja na kaka yangu. Yeye ana Volkswagen ya 1966, volti 6, dainamo, dereva wa pili ni mkewe. Tuandikeni.

FundiSaateni

Volkswagen ya volti 6 ije kwangu kabla ya majaribio niangalie brashi za dainamo na waya za stata. Haichukui saa moja.